Mtu wa Ishirini

Tegeni masikio, maana hii imenishinda, na mimi sishindwi ovyo.

Mkuu wa kituo cha uhamiaji cha Rwamigezi, kule mpakani, alikuwa Afande Koleta. Alikuwa na watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Byabato alikuwa na masikio: akikusikia ukiita mbuzi wako, anajua umelelewa ng'ambo ipi ya mto. Mwasu alikuwa na mkono: faili la wiki nzima anamaliza chai haijapoa. Selestini alikuwa na usukani: tope linalokwamisha matrekta, yeye anapita akipiga mluzi.

Mwezi Juni ikaja barua kutoka juu. Kituo kisichorudisha wageni ishirini kwao kabla mwezi haujaisha, kitapunguziwa fungu la mafuta na posho. Wao walikuwa na kumi na tisa, na siku imebaki moja.

"Jamani, nitafutieni mmoja," Koleta akasema.

Byabato akatoka. Akamsikia mama mmoja, Leokadia, akiita mbuzi kwa mwito wa ng'ambo, akamkamata. Kumbe mama mzaliwa wa hapa hapa. Mwito alifundishwa na bibi yake, ndiye aliyetoka kule.

Mwasu akamuuliza, "Kitambulisho unacho?"

"Kiko nyumbani, dada, sandukuni."

Fomu ilitaka kujua kama anacho mkononi. Mwasu akaandika hana, akagonga muhuri.

Selestini akampakia. "Baba, pitia kwangu hapo tu nikichukue kitambulisho!" mama akalia. Lakini mafuta yalikuwa ya kwenda na kurudi, basi. Akamshusha ng'ambo.

Fungu likaja lote, pamoja na zawadi ya mfanyakazi bora. Lo! Ungewasikia!

"Bila masikio yangu mngempata wapi?"

"Bila muhuri wangu angevukaje?"

"Mngembeba mgongoni?"

Baada ya wiki tatu Leokadia akarudi kwa miguu, amekonda. Akakuta shemeji yake ameshalima shamba lake: mgeni hana ardhi hapa. Akamwonyesha kitambulisho, shemeji akasema vinanunuliwa, kijiji kizima kilimwona akibebwa na gari la serikali. Basi akaja kwa Koleta.

"Pole zenu sizitaki, afande. Kesho kuna kikao cha kijiji. Aliyenifukuza asimame pale aseme amekosea. Asipokuja, shamba limekwenda."

Na kanuni ya kazi ni moja: afisa akikiri kosa kama hilo, anafukuzwa. Koleta akawaita watatu wake.

"Mimi nilisikia tu," Byabato akasema.

"Mimi nilijaza kilichoulizwa."

"Mimi dereva, afande. Napeleka niliyepakiziwa."

Koleta akashika kichwa. Akimtazama huyu, anamwona yule. Akiwapeleka wote, kituo kitabaki na paka. Halafu anajisikia mwenyewe akisema "nitafutieni mmoja". Lakini si aliandikiwa barua? Na aliyeiandika yuko mbali, hata sura yake haijui. Alichanganyikiwa, maskini, hata kiti akakiona kinazunguka.

"Afande," Leokadia akasema, "kikao ni saa tatu asubuhi. Anakuja nani?"

Haya, ninyi mnaocheka hapo. Mama wa watu bado amesimama mlangoni. Wewe ungempa nani?