Swali Lililokuja Kila Dakika

Nimetumiwa hii asubuhi, chai ikapoa mkononi. Isome mpaka mwisho.

Hospitali moja ilikuwa na kompyuta kubwa mbili. Ya mjini iliwaonyesha watu kwenye simu zao mgonjwa wao amelazwa wodi gani. Ya pili, iliyokuwa mkoa mwingine, ilitunza majina yote. Kila kilichopita kati ya hizo mbili kilikula bando la intaneti, na bando likawa linakata kabla ya mwezi kwisha. Likikata, ndugu hawaoni wagonjwa wao.

Mganga mkuu, Dokta Mkwizu, akamwita fundi wa mitambo, Bi Tabu.

"Mama, tafuta kinachotumaliza. Likikata tena, mtambo tunaufunga."

Tabu akachungulia. Loo! Mtu akiuliza jina moja, kompyuta ya mjini iliagiza majina yote elfu arobaini, ikachagua moja, mengine ikayatupa. Ni kama kuagiza gunia zima la mchele ili upike kikombe kimoja. Akairekebisha: jina litafutwe kule kule lilikotunzwa, lije jibu tu. Bando likaanza kutosha.

Lakini akaona kitu kilichomsisimua mwili. Swali moja lilikuwa likija kila dakika, kwa miezi saba: "Yuko wapi Nasra Kilango?" Jibu lile lile: "Hayupo." Lilianza mlango wa hospitali unapofunguliwa, likanyamaza unapofungwa.

"Lifungie," akasema Dokta. "Bandu bandu huisha gogo."

Tabu hakulifungia. Alifuatilia linakotoka. Halikutoka nje. Lilitoka humo humo ndani, upande wa pili wa ukuta wa chumba chake. Akaogopa. Akafungua mlango.

Kwenye benchi alikaa mzee ambaye wote walimwamkia kila siku, wauguzi wakidhani ni mlinzi, walinzi wakidhani ni mgonjwa. Simu yake ilichomekwa ukutani, ukurasa wa hospitali uko wazi, ukiuliza wenyewe jina lile kila dakika.

"Shikamoo baba. Nasra ni nani wako?"

"Marahaba. Mwanangu. Aliletwa hapa na gari la wagonjwa. Simu inasema hayupo, basi hajafika. Namsubiri."

Tabu akarudi ndani, akalitafuta jina kwenye majalada yaliyofungwa. Nasra alifariki siku ile ile aliyoletwa, hospitali ikamzika kwa kukosa ndugu, na aliyefariki huondolewa kwenye orodha.

Akatoka, akaketi kando ya mzee. Akamwambia huku analia. Kisha akauliza, "Baba, mbona hukuuliza mtu?"

"Niliuliza dirishani, pale mapokezi. Wakaniambia niangalie kwenye mtandao."

Mzee akachomoa simu, akakunja waya taratibu. "Nionyeshe alipozikwa," akasema.

Kesho yake benchi lilikuwa tupu. Tabu akawasha kompyuta. Mlango wa hospitali ulipofunguliwa tu, swali likaingia. Dakika moja baadaye, likaingia tena.

Jina lilikuwa jingine, kutoka simu nyingine.

Funzo: Kabla hujalifungia swali linalokusumbua, nenda kamwone anayeuliza. Huenda hakuna aliyewahi kumjibu.