Leso Nyekundu ya Njia Panda

Sadaka iliyofungwa huitwa kafara. Shangazi yenu aliyasema hayo alipoona vitabu vya marehemu babu yenu mmevipeleka madrasa kwa jina lake, kisha mkavifungia kabatini kwa kufuli. Mkabaki mnatazamana. Basi kaeni. Methali hii ilianza hivi.

Huko Siyu aliishi mshona viatu vya makubadhi aliyeitwa Shekuwe. Mkewe, Mwanakheri, alipokaribia kufa alimwachia usia mmoja: auze bangili zake, anunue mtungi mkubwa, auweke njia panda ya mashambani, wapitao wanywe na kumwombea dua.

Shekuwe akautimiza. Akaujaza mtungi maji, akaweka na kata ya kutekea. Kisha akaufunika kwa leso ya marehemu, ile nyekundu aliyoipenda, akaifunga mafundo matatu.

Siku ya kwanza maji hayakupungua. Ya tatu, vilevile. Akafungua, akaonja, hayana kasoro, akafunga tena. Wiki ilipokwisha watu walikuwa wanazunguka kwa njia ya miiba, wakifika majumbani ndimi zimekauka. Shekuwe akachanganyikiwa. Je, watu walimchukia mkewe, naye hakujua? Au Mungu ameikataa sadaka yake? Wazo hilo lilimuuma sana, maana Mwanakheri hakuacha mtoto wa kumwombea. Alichoacha ni mtungi ule tu.

Akamwendea dada ya marehemu, Bi Amriya.

"Shemeji, marehemu aliwakosea nini watu?"

Bi Amriya alimkazia macho. "Umeweka chombo njia panda, ukakifunga kitambaa chekundu mafundo matatu. Nani atagusa kafara?"

"Kafara? Ile si leso yake?"

"Hilo unalijua wewe. Wapita njia wanajua kuwa kitu cha namna ile kimeachwa kibebe maradhi ya mtu, na atakayekigusa ataondoka nayo."

"Mimi niliogopa vumbi, shemeji."

"Vumbi huzuiwa na kifuniko cha mti. Wewe hukutaka kumwachia marehemu aende."



Asubuhi yake Shekuwe akaenda kufungua mafundo yale. Leso akaitia begani. Wanawake waliokuwa wakirudi na kuni wakasimama mbali. Akanywa kata nzima mbele yao, akasema, "Mungu amrehemu Mwanakheri."

Wakasitasita. Halafu mmoja, ambaye kiu yake ilizidi woga wake, akatua mzigo, akanywa, akasema naye, "Mungu amrehemu Mwanakheri."

Kabla ya adhuhuri mtungi ulikuwa mtupu. Shekuwe alikuwa njiani na ndoo, analia waziwazi, hajui kama ni furaha au ni msiba uliomrudia upya. Bi Amriya ndiye aliyemwambia, huku akimpokea ndoo, maneno yale aliyoyasema shangazi yenu.

Haya, nani ana ufunguo wa kabati? Sadaka iliyofungwa huitwa kafara.