Kanga za Siwema

“Ukitaka kuiga vazi, uliza kwanza mnunuzi.” Mmeisikia jana harusini, mkacheka na wenzenu, na sasa mnataka kujua imetoka wapi. Haya, sogeeni. Methali hii ilianza hivi.

Aliishi mtaani kwetu mwanamke aitwaye Mashavu, mpika vitumbua, pamoja na mama yake mzee mwenye pumu. Paa lao la makuti lilikuwa limechakaa, ukilala chali unaziona nyota. Kila asubuhi Mashavu alitumbukiza faida yake kwenye kibubu ili anunue makuti mapya kabla ya masika. Mama hakuomba kingine, maana ubichi wa mvua ndio uliokuwa ukimbana kifua.

Ndipo Siwema akahamia chumba cha jirani, mwanamke mrefu mwenye mwendo wa maringo. Harusi ya kwanza tu alikuja na kanga ambayo hakuna aliyepata kuiona, akaketi mbele kabisa, na wanawake wote wakageuza shingo. Mashavu alijitia kutazama ngoma, lakini wivu ulimchoma kama mafuta ya kikaango. Siwema mume hana, shamba hana, biashara hana. Kanga zile anazitoa wapi? “Kwani mimi nina kilema gani?” alijiuliza njia nzima.

Kulipokucha akavunja kibubu. Kwa kanga moja tu, alijiambia, kisha basi. Lakini alipoivaa katika harusi iliyofuata, Siwema alikuwa keshaingia na toleo jipya zaidi, na ile ya Mashavu haikuangaliwa hata na mtoto. Akarudi dukani. Akarudi tena. Nanyi mnajua, wanangu, harusi za kwetu haziishi, na wivu haujui kushiba.

“Mashavu, makuti je?” mama yake akamuuliza.

“Masika bado, mama.”

Masika hayakumngoja. Mvua ilishuka mchana kutwa, maji yakaingia kitandani kwa mama, na kifua kikambana akawa hawezi kulala wala kusema. Mashavu alifungua sanduku lake. Lilijaa kanga pomoni, na pesa ya makuti haikubaki hata senti. Akazifunga bunda moja, akameza kiburi chake, akaenda kubisha hodi kwa Siwema.

“Jirani, wewe ni mpenzi wa kanga,” alisema. “Nunua hizi, hata kwa nusu bei. Mama yangu ananyeshewa.”

Siwema alizipapasa moja moja. Alizitambua zote.

“Nizinunue kwa nini, dada yangu? Tangu nihamie hapa sijanunua hata kanga moja.”

“Na zile za harusini?”

“Za mwenye duka. Likija toleo jipya hunivika mimi, nikakae mbele mlione, mlitamani. Harusi ikiisha naikunja, naipeleka dukani. Yeye ananilipia chumba hiki, basi.”

Mashavu alizikusanya kanga zake, maji yakimchuruzika miguuni. Aliona aibu, na chini ya aibu alikuwa na hasira.

“Ukaniona nikizinunua, ukanyamaza?”

“Nilikuona,” Siwema akasema, macho chini. “Nilikuwa nakuonea wivu. Za kwako hazirudi dukani.”

Kisha akajifunga kibwebwe, wakaenda pamoja wakambeba mama, wakamlaza kwenye kitanda cha Siwema. Humo alikaa mpaka masika yakaisha, na Mashavu akaanza upya kutumbukiza vijisenti vyake kwenye kibubu kingine.

Mvua zilipokatika, Siwema alitoka chumbani amevaa toleo jipya, la zambarau, tayari kwa harusi. Mashavu alikuwa anamnywesha mama uji. Alijua kila kitu kuhusu kanga ile. Alijua hata kesho itakuwa kwenye kabati la nani. Hata hivyo mkono wenye kijiko ulisimama hewani, na macho yakaifuata kanga mpaka mlangoni.

Mama yake akamtazama, akangoja uji wake. Alipoona hauji, akakikusanya kile kipumzi kidogo alichobakiwa nacho, akasema polepole:

“Mwanangu, ukitaka kuiga vazi, uliza kwanza mnunuzi.”