Mahindi ya Wageni

Wapendwa, kulikuwa na mama mmoja mpishi wa uji. Si uji wa kuuza, hapana, ni uji wa watoto waliodhoofu. Kila asubuhi aliwasha moto nyuma ya ofisi ya kijiji, na watoto wakaja, kila mmoja na kikombe chake. Unga ulitoka nchi moja tajiri, mbali huko ng'ambo. Mwanzoni yalikuja magunia kumi kwa mwezi. Mwaka uliofuata yakaja sita, kisha matatu, na mama akawa anaongeza maji, anakoroga huku anaona aibu. Mwishowe unga haukuja. Ikaja barua: nchi ile sasa ina mahitaji yake yenyewe, inawatakia kila la heri.

Kila la heri! Mama alimwomba mwenyekiti wa kijiji aisome tena, akidhani ameruka mstari.

"Hakuna kingine, dada," mwenyekiti akamwambia. "Ila tusikate tamaa. Tumewaandikia. Wakija wenyewe wakatuona, watalainika."

Basi kijiji kikangoja. Wiki ya kwanza, ya pili, ya sita. Mama alikuwa na debe moja la mahindi nyumbani kwake. Akalisagisha, akapika, likaisha. Asubuhi moja akaja jirani yake, mama wa yule mtoto aliyezoea kuja na kikombe cha bluu na kukaa karibu kabisa na sufuria. Akamkabidhi kikombe kile.

"Mpe mwingine," akasema. "Wangu hakihitaji tena."

Mama mpishi akaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti, kikombe mkononi.

"Fungua ghala la kijiji."

"Ghala? Dada, yale mahindi hayaguswi! Si unajua ni ya sherehe ya kuwapokea wafadhili? Wakija tuwape nini, maji? Watatuona watu wa namna gani?"

Mmesikia, wapendwa? Magunia ishirini! Yamelimwa kwa mikono ya kijiji kile kile, yamefungiwa hatua chache kutoka kwenye sufuria, yanawangoja walioshiba. Na kila mtu alijua. Mama mwenyewe alijua, maana naye alichangia humo. Hakuna hata mmoja aliyewaza kwamba kile ni chakula.

Mama hakuondoka mpaka ufunguo ukaletwa. Akatia kikombe cha bluu kwenye gunia la kwanza, akachota. Vumbi. Gunia la pili, vumbi. Dumuzi, wale wadudu wa ghalani, walishamaliza, wamebakiza maganda.

Najua mmekaa hapo mnangoja niwaseme wale wa ng'ambo. Nawasema! Aliyemzoesha mtoto kikombe kisha akampokonya kwa barua, atajibu mbele za Mungu. Lakini ufunguo ulikuwa kwa nani? Nauliza tena: ufunguo ulikuwa kwa nani?

Sisi nasi tuna chumba nyuma ya madhabahu hii. Mnakijua. Kuna mchele wa shukrani ya mavuno, tumeuweka tangu Juni kwa ajili ya wageni wa jubilei. Na nyumba ya tatu kutoka lango letu, wamo watoto ambao kwao jana hakikupikwa kitu. Mnaijua nyumba hiyo pia.

Sina mahubiri mengine leo. Mzee wa kanisa, njoo hapa mbele. Ufunguo uko wapi?