Fisi Anawishwa Kitopeni

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa tope.
— Tukazama!
Mmezama mpaka wapi?
— Mpaka viunoni, tuvute na hadithi!

Haya, nawavuta. Na wewe uliye nyuma, acha kutafuna, maana leo namsema mlafi.

Hapo kale palikuwa na hifadhi ya mikoko iitwayo Kitopeni, ambako mnyama haguswi wala mti haukatwi. Chini ya tope pana mwamba wa matumbawe wenye vitundu tele kama mkate wa chila. Bahari iko mbali, huiona kwa taabu. Lakini maji yakijaa hupita chini kwa chini, kisha yakazuka kwenye vitundu, chuu! Wenyeji walijua. Wageni hawakujua.

Siku moja akaja Fisi. "Nimekuja kutembea tu," akasema. Kutembea gani! Akala chaza, akala mayai ya ndege, kisha akamkanyaga kwa guu lake Bi Magando, kaa mdogo mwenye watoto wachanga.

"Mgeni njoo, mwenyeji aliwe!" Fisi akacheka.

Bi Magando aliogopa sana, masikini. Lakini ulimi wake haukutetemeka.

"Bwana Fisi, mimi sijazi hata pengo la jino lako. Jamaa zangu wanono wote wako chini ya mwamba. Shuka kwenye dimbwi lile kavu, ukae kitako, watakuja wenyewe. Ila kwetu mgeni hunawa kwanza."

"Nitanawa hata mara kumi!"

Fisi akainua guu, akashuka, akakaa kwenye tope, pwata! Macho kayaelekeza baharini. Alijisemea, maji yakija nitayaona.

Chuu! Maji yakazuka nyuma yake, yakamfika miguuni.

"Bi Magando, maji haya!"

"Ya kunawa, bwana."

Chuu! Yakamfika tumboni.

"Bi Magando, maji haya!"

"Mgeni wa heshima hunawa na tumbo. Ndimo kitakamoingia chakula."

"Kweli kabisa," Fisi akasema, akajisugua tumbo.

Chuu! Yakamfika shingoni.

"Bi Magando, maji haya!"

"Mgeni wa heshima kubwa hunawa na shingo. Jamaa ndio hao wanakuja."

Na kweli wakaja, kila mmoja na gando wazi. Kacha! Mkia. Kacha! Pua. Kacha! Mahali ambapo sipataji mbele ya watoto. Fisi akataka kutoka, miguu imenaswa na tope. Mara mwamba ukakohoa, puuuh! Maji yakamrusha mpaka nchi kavu.

Akatimua mbio huku akilia, "Ahsanteni, nimeshiba! Nimeshiba!"

Basi wanangu, funzo ni hili: ukienda kutembea kwa watu, usimle mwenyeji wako, maana yeye ndiye ajuaye maji yanakozuka.

Ngano nimeitua hapa. Anayesema nimedanganya, na aende Kitopeni akanawe.