Taa Iliyopendeza Kutoka Barabarani

Mweka taa huuliza mguu. Methali hiyo mmeisikia leo kwa baba yenu, alipowakuta mkibishana juu ya ngazi na nyaya za taa za harusi, na tangu hapo mmenifuata mpaka jikoni mkitaka kujua mguu unaulizwaje na unajibu kwa lugha gani. Haya, kaeni. Chukueni visu mmenye ndizi, maana mimi sisimulii watu waliokaa mikono mitupu. Methali hii ilianza hivi, tena hapa hapa kijijini kwetu, katika ua ule ulio chini ya mfereji. Mimi nilikuwepo.

Ua ule ulikuwa wa jirani yangu Nakundwa, Mungu amlaze pema. Milima yetu ya Upare mnaijua, ukidondosha chungwa mlangoni utaliokota kwa jirani. Ua wake nao ulikuwa wa mteremko. Juu ilikuwapo nyumba ya matofali aliyojengewa na mwanawe, chini lilikuwapo jiko lake la kuni, na kati yake ilipanda njia ya mawe aliyoipanga marehemu mumewe kwa mikono yake. Kila jioni Nakundwa alipika chini akapandisha chakula juu. Mwanawe alikuwa amemjengea jiko jingine humo ndani, lenye vigae ukutani na bomba la maji. Akalifanya stoo ya mahindi. Makande, alisema, hayaivi mahali pasipo moshi.

Mwanawe huyo aliitwa Eliapenda, fundi wa magari kule Morogoro. Alikuwa kijana mwema, msinielewe vibaya. Ila wema wake ulikuwa na mbio. Aliposikia kwamba umeme umefika kijijini, alikuja na maboksi ya taa, akasema mama yake hatakaa gizani tena, na nyumba yake itajulikana bonde zima.

Sasa sikilizeni alivyoziweka. Alimpandisha fundi umeme kwenye ngazi, kisha yeye mwenyewe akavuka bonde akasimama kule barabarani, upande wa pili, simu sikioni. "Kulia kidogo," alimwambia fundi. "Inua. Inua tena. Hapo hapo!" Taa kubwa kuliko zote, ile ya kumulika, ikafungwa chini ya kilele cha paa, ikitazama bondeni. Ndogo ndogo zikapangwa getini na kwenye ukuta wa mbele. Hakuna hata moja aliyoipima akiwa amesimama ndani ya ua.

Jioni zikawashwa. Jamani! Watu waliokuwa wakirudi shambani walisimama barabarani wakapiga vigelegele. Kipya kinyemi. Hata mimi nilitoka nje nikasifu, nikasema nyumba ya Nakundwa imekuwa hoteli, imebaki kuandikwa bei mlangoni. Eliapenda alikuwa bado kule ng'ambo akipokea sifa zake.

Wakati huo huo Nakundwa alikuwa akipanda kutoka jikoni, ameshika chungu cha makande kwa mikono miwili, chakula cha mwanawe na fundi wake. Sisi tuliokuwa karibu tulisikia chungu kikipasuka. Tulipomfikia alikuwa ameketi kwenye mawe, maharage yamemtapakaa kwenye kanga, na mguu wake wa kulia umeanza kuvimba.

Mganga wa zahanati alisema haukuvunjika, umeteguka tu, apumzike. Lakini Eliapenda alikuwa ameshaogopa, na mtu mwema akiogopa huwa hasikilizi. Akakaa pembeni ya kitanda cha mama yake akasema, "Mama, umri umekwenda. Leo ni mguu, kesho kiuno. Nitawaambia nini watu? Tutakwenda wote Morogoro, ukae na wajukuu zako, nyumba iko tambarare."

Nakundwa niliyemjua mimi angebishana naye mpaka jogoo aone aibu kuwika. Siku ile hakubishana. Aliutazama mguu wake kama mtu anayemtazama rafiki aliyemsema vibaya.

"Njia ile nimeipanda gizani tangu nilipoolewa," akasema, "na sikuwahi kudondosha hata kijiko. Leo nimeanguka kwenye mwanga. Basi miguu imeniaga."

Hakuna aliyeiwaza taa. Nani husingizia mwanga? Mtu akianguka gizani tunalaumu giza. Akianguka penye taa, tunasema ni uzee.

Basi safari ikaandaliwa. Nakundwa akafunga nguo zake katika mzigo mmoja. Kuku wake akanikabidhi mimi, akaniambia yule mwekundu hapendi kushikwa ghafla, na huyu mweupe asichanganywe na jogoo wangu kwa sababu jogoo wangu hana adabu. Akaniomba pia niwe nafagia kaburi la mumewe, lililo nyuma ya migomba. Hapo niliona moyo wangu unashuka. Mtu mzima akianza kugawa kuku wake na kaburi lake, anachokwenda nacho huko aendako ni kidogo sana. Nilirudi nyumbani nikamwambia mume wangu kwamba Nakundwa hatarudi, na kwamba huko tambarare atakauka. Naye alijua kuwa ni kweli.

Jioni ya kuamkia safari niliteremka kwenye jiko lake la kuni, nikawasha moto wake, nikampikia makande, angalau ayale ya mwisho yakiwa yamepikwa pale. Yeye alikuwa juu, kwenye kiti karibu na dirisha, mguu juu ya kigoda. Makande yalipoiva Eliapenda akashuka kuyachukua. Akaizungushia sufuria kitambaa, akaishika kwa mikono miwili, akaanza kupanda. Taa zake zote zilikuwa zinawaka.

Alipofika katikati ya njia akasimama. Nikadhani anapumzika. Akaendelea kusimama.

"Vipi, baba?" nikamwuliza kutoka mlangoni mwa jiko.

"Sioni pa kukanyaga, mama mdogo."

"Na taa yote hiyo?"

"Ndiyo hiyo inayonichoma macho! Mawe yote yamekuwa meusi. Na sufuria inaniunguza."

Nikatoka nitazame. Kweli, aliyekuwa anapanda alipigwa na ile taa kubwa usoni, na kila jiwe lilitupa kivuli chake upande wetu sisi wa chini, mahali hasa mguu unapotafuta. Ukiinamisha kichwa unaona weusi. Ukikiinua unaona taa, halafu huoni kitu kabisa. Nami siku zote nilikuwa nimeitazama nikiwa uani kwangu, nikiisifu.

Nakundwa akasikia sauti zetu akafungua dirisha. "Nani anapiga kelele njiani?"

"Ni mimi, mama. Nimekwama."

"Umekwama na nini?"

"Na mawe yako. Siyaoni."

Nakundwa akachungulia nje. Kisha akasema, "Subiri, nazima taa."

"Mama, usizime! Nitaanguka kabisa!"

"Umekwisha kuanguka, hujajua tu," akasema, akanyoosha mkono kwenye swichi iliyokuwa juu ya kiti chake. Ua wote ukaingia giza. "Usikanyage kwanza. Macho nayo yana aibu yake, yape nafasi."

Tukasubiri. Sufuria ilimfanya kijana apige miluzi ya maumivu, lakini hakusogea. Polepole mawe yakaanza kujitokeza, meupe-meupe, kwa ule mwanga mdogo wa mbingu uliokuwa umebaki.

"Nayaona," akasema Eliapenda. Alisema kwa sauti ya mtoto.

"Panda basi. Ukifika kwenye mgomba shika kushoto, kulia mfereji unavuja. Jiwe linalofuata linayumba, likanyage katikati. Sasa inua mguu, hilo ni refu. Haya, umefika nyumbani."

Akaiweka sufuria kizingitini, na badala ya kuingia akakaa hapo hapo chini, akipuliza vidole. Mimi nilikuwa nimemfuata nyuma na sahani.

"Mama," akasema, "hukuanguka wewe. Nimekuangusha mimi. Nilikupiga mwanga usoni, halafu nikailaumu miguu yako."

Nakundwa akaugusa mguu wake. Akauliza kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Kwa hiyo miguu yangu ni mizima?"

"Ni mizima, mama. Ni mizima kuliko akili yangu."

Hapo ndipo alipolia. Hakulia alipoanguka, hakulia alipofunga mzigo, akalia baada ya kuambiwa kwamba miguu yake ni mizima. Nami nikalia na sahani zangu mikononi, kisha sote tukaanza kucheka, tukala makande kwa mwanga wa kibatari, na hakuna aliyetaka kuigusa swichi. Niliwahi kula vyakula vingi vya sherehe, lakini chakula kilichoshuka kooni kwa raha kama kile sikumbuki.

Asubuhi basi la Morogoro lilipita bila Nakundwa. Mzigo ukafunguliwa. Nami nikamrudishia kuku wake. Yule mwekundu alikuwa ameanza kutaga kwangu, na sitawadanganya, kumrudisha kuliniuma kidogo.

Eliapenda akaomba ruhusa kazini, akabaki mpaka mguu wa mama yake ulipopoa. Kisha akamfuata na taa zake mkononi, safari hii akiwa na adabu.

"Mama, niambie, tuziweke wapi?"

"Mimi sijui habari za taa," akasema Nakundwa. "Uliza mguu."

Akashika fimbo yake akateremka mpaka jikoni, kisha akapanda, jua likiwa limeshazama, taa zimezimwa. Eliapenda alimfuata ameinama, macho kwenye nyayo za mama yake. Kila mahali mguu ulipopunguza mwendo, au ulipopapasa kabla ya kutua, alichomeka kijiti. Alidhani vitakuwa vingi kwenye mawe makubwa, lakini pale mguu wa Nakundwa haukujali, uliyazoea. Ulipapasa pembeni ya mgomba, mahali ambapo hakuna hata jiwe la kupandia, kwa sababu maji ya mfereji yalikuwa yameotesha ukungu wa kijani unaoteleza. Barabarani usingeona mahali pale hata kwa darubini.

Kisha Nakundwa akasema, "Mguu wangu ni wa mwenyeji. Mwiteni na mgeni." Fundi umeme akaambiwa apande. Akajikwaa kwenye lile jiwe linaloyumba mpaka kofia ikamtoka. Kijiti kikachomekwa na hapo. Mimi nami nikatembezwa mpaka chooni na kurudi, wakanicheka ninavyotembea, na vijiti viwili vikawa vyangu.

Taa zikafungwa palipochomekwa vijiti, chini, zisifike hata gotini, kila moja ikiwa na kofia ya bati lililokatwa kwenye debe ili mwanga uanguke ardhini usiruke machoni. Ile kubwa ya paani ikashushwa. Ikapelekwa kwenye zizi, ikageuziwa ukuta, maana ng'ombe hawabebi sufuria.

Baadaye jamaa mmoja mwenye maneno alimkuta Eliapenda njiani akamwambia, "Bwana, nyumba yako siku hizi haionekani kutoka barabarani."

Eliapenda akamjibu, "Barabarani hakuna anayenipandishia makande."

Jibu lile lilitembea kijiji kizima, pamoja na habari ya mguu ulioulizwa. Mkutano ulipokaa kuamua bomba la maji liwekwe wapi, na wakubwa wakawa wanatazama ramani, mwanamke mmoja alisimama akasema, "Mweka taa huuliza mguu. Mmetuuliza sisi wenye ndoo?" Watu wakacheka, wakatuuliza. Tangu hapo maneno yale yakawa ya kila mtu, hata ya wale wasiomjua Nakundwa.

Naye aliishi katika ua ule miaka mingi, akapika kwa kuni, akapanda na chungu chake. Alikufa kitandani kwake, kwa uzee wa kweli, na amelala nyuma ya migomba karibu na mumewe. Njia ya kwenda pale nayo ina taa moja fupi. Mwanawe aliuweka mguu wake mwenyewe hapo, akauuliza.

Haya, ndizi zimekwisha. Niwaeli, wewe ndiye uliyekuwa umesimama getini ukiwaelekeza wenzako juu ya ngazi, sivyo? Nilikuona. Getini maharusi watapita mara moja wakipigwa picha. Shika hili sinia la ndizi mbichi kwa mikono miwili, lipeleke kule nyuma kwa wapishi, kisha urudi uniambie ulipokanyaga kwa shaka. Hapo ndipo pa kufunga taa yako ya kwanza, maana kesho jioni mama zako watapita hapo na masufuria ya moto.

Mweka taa huuliza mguu.