Mtungi wa Faki Kheri

Chura wa mtungini huimbia kata.

Mmerudi mkutanoni mnacheka. Mnasema Bi Mwanaidi kamtupia maneno hayo yule bwana aliyesimama kumsifu mwenye shamba kubwa, watu wakaangua kicheko, nanyi mkacheka pamoja nao bila kujua mnacheka nini. Mimi sicheki. Methali hii inanichoma kila ninapoisikia, na mtajua kwa nini. Zuwena, weka hiyo simu. Mwanzo wake ni huu.

Zamani, kabla mama yangu hajazaliwa, mpunga wa bonde la Mwanyanje ulipandwa siku moja na watu wote. Anayetangulia peke yake, ndege wote huangukia kikonde chake. Anayechelewa, yanampata hayohayo wakati wa kuvuna. Na siku hiyo haikuchaguliwa na mtu. Ilichaguliwa na vyura. Vyura wa bondeni wakilia jioni tatu mfululizo, watu walijua mvua ya masika imo njiani, haipiti siku tano sita. Hapo kila nyumba ilitoa mbegu kapuni na kuiroweka. Vyura wanajuaje, hakuna aliyeweza kusema. Walijua tu.

Huko kuroweka ndiko kwenye hatari. Mbegu kavu itakusubiri kapuni mwaka mzima. Ikisharowa huanza kuchipua, na iliyochipua hairudi kapuni: ama ipate tope, ama ife. Kwa hiyo mkuu wa bonde alikuwa na kazi moja. Msimu ukikaribia, ashuke bondeni kila jioni, asimame, asikilize, kisha arudi aseme kweli. Kazi moja tu, wajukuu zangu, na ikamshinda.

Mkuu wa bonde wakati huo alikuwa Faki Kheri, mtu wa ng'ombe na minazi, ambaye barazani kwake sinia la ubwabwa halikukosekana. Lakini kutembea hakukupenda. Mwaka huo akatuma watu wakamkamatie vyura bondeni, akawatia katika mtungi mkubwa wenye mdomo mpana, akauweka barazani na kuufunika kwa kawa. Akamwagiza mkewe, Bi Mkasi, awamwagie kata ya maji kila alasiri, wanaume wakiwa msikitini, wasije wakakauka. Watoto wakapewa kazi ya kuwatafutia mchwa.

Habari zikaenea. Watu wakaja kutazama na wengi wakamsifu kwa akili yake. Aliyekataa kusifu alikuwa Bi Time, mjane mwenye mabinti wawili, ambaye kikonde chake kilikuwa chini kabisa ya bonde. Alifunua kawa, akatazama ndani, akaifunika tena.

"Bwana Faki," alisema, "hawa warudishe kwao."

"Kwao kuna nini?" Faki alimjibu. "Korongo anawameza, nyoka anawameza, jua linawakausha. Kwangu wamo kivulini, wanakula na kunywa. Nani aliyewatendea wema, mimi au hilo bonde lako?"

"Hawakukuomba wema. Chura akiwa bondeni anaijua hali ya bonde. Humu mtungini atajua nini? Vikohozi vyenu?"

Wanaume wa barazani wakacheka. Mmoja wao alikuwa Hamadi Shaame, ndugu wa marehemu mume wa Time. Hamadi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kukaa pale kilipo chakula, na chakula kilikuwa kwa Faki. Naye alicheka.

Siku za kwanza vyura walinyamaza. Walikuwa na woga, kama mgeni yeyote aliyebebwa bila kuulizwa. Baadaye wakazoea. Alasiri moja wanaume waliporudi kutoka msikitini wakasikia mtungi unanguruma. Alasiri ya pili vivyo hivyo. Ya tatu, Faki akasimama juu ya ngazi za baraza na kutangaza kwa sauti kwamba vyura wamelia siku tatu, na kila mwenye mbegu airoweke.

Bi Time alikuwa na mbegu ambayo hakuna mwingine pale aliyebaki nayo. Ilikuwa mpunga mwekundu, wa punje fupi, aliouachiwa na mama yake, naye mama aliachiwa na wake. Mwanamke akijifungua kijijini, uji wake wa kwanza ulitoka kwenye kapu lile, na Time hakupata kumnyima mtu. Mwaka uliotangulia panya walimharibia, akabakiwa na pishi mbili tu, zote za mbegu. Akiziroweka, kapu ni tupu.

Akashuka bondeni mwenyewe jioni ile. Hakusikia kitu. Ardhi ilikuwa imepasuka nyufa za kuingia mkono, na kimya. Akarudi na wasiwasi, akapita barazani kwa Faki, akawakuta kwenye sinia. Hakumuuliza Faki. Alimuuliza mtu wake.

"Shemeji, vyura umewasikia?"

Hamadi alikuwa na tonge mkononi. Akamtazama Faki, kisha akamtazama Time.

"Nimewasikia, shemeji."

"Siku tatu?"

"Siku tatu."

"Kwa masikio yako mwenyewe?"

"Kwa masikio yangu haya," alisema, akatia tonge kinywani.

Sikilizeni hapo. Angeweza kusema, "Nimewasikia mtungini, bondeni sijafika." Maneno manne. Angemaliza ubwabwa wake hata hivyo, Faki asingemnyang'anya mdomoni. Hakuyasema. Basi Time akaenda nyumbani akaroweka mbegu nyekundu yote, kwa sababu aliyempa neno ni ndugu wa mumewe.

Kijiji kizima kikaroweka. Siku ya tatu wakashuka kupanda katika vumbi, wakiitazama mbingu. Siku ya tano hakuna wingu. Siku ya nane wanawake walikuwa wakichota maji kisimani kwa ndoo na kuyapeleka bondeni kunywesha miche iliyokuwa imeshakuwa rangi ya majani makavu. Siku ya kumi wakaacha. Time alifukua kikonde chake kwa vidole, tuta kwa tuta, akitafuta hata punje moja yenye uhai. Hakuipata.

Akapanda kutoka bondeni moja kwa moja mpaka barazani kwa Faki. Jua lilikuwa la utosi. Wanaume walikuwepo, Hamadi akiwemo, na Faki alikuwa akieleza kwamba Mungu ndiye mpaji, na yeye si mwenye mvua. Time hakutoa salamu. Aliingia uani kwa Bi Mkasi, akatoka na kata ya kifuu imejaa maji. Akaondoa kawa, akawamwagia vyura.

Palepale wakaanza. Mmoja, wawili, kisha mtungi mzima ukanguruma, juani, mbingu nyeupe, hakuna wingu hata la kufunika sarafu.

"Haya," alisema Time. "Tokeni mkaroweke mbegu. Mvua hiyo imekuja."

Bi Mkasi alikuwa amesimama mlangoni. "Kila ninapomwaga ndivyo wanavyolia," alisema. "Kila siku. Mlikuwa msikitini, mkirudi mnawakuta wanalia. Hakuna aliyeniuliza."

Faki akalipiga goti lake kofi kwa hasira. "Basi vyura ndio walionidanganya!"

"Chura hakudanganya mtu," Time alimkata. "Kamwagiwa maji, kalia. Ndiyo kazi yake. Wewe ndiye uliyemtoa mahali anaposema kweli, ukamweka mahali anaposema unachomimina, kisha ukatuita tuje tumwamini. Wema wako huo! Ungewaacha waliwe na korongo bondeni, waliobaki wangetuambia tungoje."

Hamadi akainuka, akataka kuteremka ngazi. "Mie shemeji sikusema uongo," alisema kwa sauti ndogo. "Niliwasikia kweli."

Time akamgeukia. Wanaosimulia husema hakupaza sauti.

"Uliwasikia, ndiyo. Na nilipokuuliza ulikuwa na tonge mkononi. Chura wa mtungini huimbia kata, shemeji."

Kisha yeye na Bi Mkasi wakaubeba mtungi ule kwa kanga, mmoja huku na mmoja huku, wakashuka nao bondeni. Faki hakuthubutu kuwazuia. Wakauinamisha kwenye kivuli cha matete, palipobaki unyevu kidogo.

Mvua ya kweli ilikuja siku kumi na tisa baadaye. Kabla yake vyura walilia bondeni jioni tatu, kwa sauti iliyofika mpaka msikitini, na watu wakakaa majumbani wakiwasikiliza, makapu matupu. Mwaka ule walikula muhogo na ndizi mbichi. Mwaka wa pili wakanunua mbegu nyeupe kwa watu wa mbali. Faki aliondolewa ukuu wa bonde. Time akawachukua mabinti zake akahamia kwa kaka zake, na mpunga mwekundu haukuonekana tena hapa. Mama yangu alizaliwa katika miaka hiyo, na bibi yangu alikunywa uji wa muhogo.

Watu wakisimulia kisa hiki humlaumu Faki, wakamaliza hapo. Ni rahisi. Lakini Faki alikuwa mwenye kata tu. Aliyeimba ni Hamadi, na Hamadi Shaame ndiye baba wa baba yangu. Damu yake ninayo mimi, na mnayo nyinyi mliokuwa mkicheka mkutanoni. Nimeishi miaka themanini na sijaacha kumkasirikia mzee yule kwa tonge moja la ubwabwa. Kwa hiyo siku mtakapoulizwa jambo na mikononi mna chakula cha mtu, kiwekeni chini kwanza. Inukeni, mshuke bondeni kwa miguu yenu, mkasikilize. Ndipo mseme.

Chura wa mtungini huimbia kata.